Kidole cha Tano

Yustina alipoingia kwenye banda la vinyago pale Boko alitoa shikamoo mbili, moja yangu, moja ya Kornelio. Mie niliitikia. Kornelio aliendelea kupiga tezo.

"Baba Albano, nimekusalimia."

"Nimesikia."

Akafungua boksi, akatoa kinyago cha mama aliyebeba mtungi, akakisimamisha juu ya gogo la mpingo. Kwa mbali ungeapa ni mkono wa Kornelio. Nilipokishika kilikuwa chepesi kama chupa tupu. Plastiki, imemiminwa kwenye kalibu huko Istanbul.

Mama wa mpingo aliyeigwa pale, mie ndiye niliyemsafirisha. Niliwahi kukaa Istanbul miaka sita nikibeba marobota, na Kituruki changu nilikiokota huko huko kwenye maghala. Mwaka juzi Yustina, ambaye biashara yake ni kutafutia wachongaji wateja wa nje, alimpata mnunuzi anaitwa Orhan, akanifuata niwe mkalimani. Orhan akaomba sampuli. Banda lile lina desturi yake: mteja mpya hupewa kitu cha kwanza bure, tena kilicho bora kuliko vyote. Kornelio akamtoa mama. Tukangoja oda mpaka tukachoka.

"Sasa oda ndiyo hii," Yustina akasema. "Elfu moja kila mwezi. Vinatoka kwao vikiwa tayari, nyie mnapiga msasa, mnapaka mafuta, basi. Kila kimoja kina kadi, ina picha yako na jina lako, kwamba umechonga kwa mkono. Weka saini kwenye mkataba huu."

"Nimevichonga lini?"

"Tusianze, Baba Albano. Una watu sita hapa, tangu Pasaka wanachonga vijiko. Mie nahangaika na simu za watu wa mbali, wewe umekalia vumbi lako."

"Vumbi hilo ndilo linalokulisha."

Huko nje tezo zikanyamaza moja moja. Wale sita walikuwa wanasikiliza.

Yustina akampigia Orhan kwa video, akanikabidhi simu. Orhan alikuwa anacheka, kachangamka. Kornelio akakipindua kinyago miguu juu.

"Muulize mguu wa kushoto una vidole vingapi."

Nikauliza. Orhan akachukua cha kwake, akahesabu.

"Vinne," nikatafsiri. "Anasema waliona patasi iliteleza, wakaacha hivyo hivyo kifanane na sampuli. Ukitaka wataongeza cha tano."

"Patasi iliteleza," Kornelio akarudia.

Kidole kile mama yake alikikata kwa jembe, shambani Newala. Kornelio alinisimulia siku tunamfunga kwenye magazeti tayari kwa safari. Sikuona haja ya kumwambia Orhan.

"Mwambie huyo ni mama yangu mzazi."

Nikamwambia. Orhan akaongea kwa furaha, haraka haraka.

"Anasemaje?"

"Anasema hadithi nzuri sana. Iandikwe kwenye kadi."

Yustina akainamisha macho. Kornelio akamnyang'anya kalamu na mkataba, akatoka navyo nje, akavitupa chini katikati ya wachongaji.

"Anayetaka kusaini, asaini jina lake. Langu halimo."

"Jina la nani mwingine linajulikana Uturuki?" Yustina akauliza.

"Na langu walilijua lini?"

Hakuna aliyeinuka. Kisha Fransis, mtoto wa dada yake Kornelio, akajifuta mikono kwenye suruali, akaiokota kalamu. Mkewe alikuwa amelazwa Mwananyamala, wote tulijua. Alisaini bila kumtazama mtu, akarudi kwenye kigoda chake.

"Tezo hiyo ni yangu," Kornelio akamwambia. "Iache hapo."

Fransis akaiweka chini.

Kisha akanisukumia mie kinyago cha plastiki. "Na wewe mzee, uliyempeleka mama kwao, beba mzigo wako. Hapa usirudi."

Kwenye simu Orhan alikuwa anauliza nani anafoka. Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata.