Pipa la Dunja

Nina mtu wangu alizikwa akiwa mzima, na hakuna aliyemlilia. Huko chini kila akizeeka anazidi kuwa mtamu, na siku atakayofufuliwa watu watacheza mpaka soli zibanduke. Nani huyo?

Usihangaike kunipa mji. Mji nitauweka wapi, na mimi nyumba hii moja tu imenishinda kufagia? Nitakwambia bure. Ni rakija, pombe yetu kali ya plamu. Kwetu hapa Serbia mtoto akizaliwa pipa lake linafukiwa ardhini, na halifukuliwi mpaka siku ya harusi yake. Glasi ya kwanza anapewa aliyelizika.

La mjukuu wangu Dunja alilizika mume wangu, Radojko, kwa kuwa mwanetu Ljubiša alikuwa Austria akiwajengea watu nyumba. Lilikuwa pipa la mbao za mforsadi, la lita thelathini. Alilizika peke yake, mimi nikiwa jikoni, maana pipa la mtoto halizikwi mbele za watu. Likijulikana lilipo, wajomba watalifikia kabla ya bwana harusi.

Ikapita miaka ishirini na saba. Mwaka huu mwezi wa sita Dunja akapiga simu kusema anaolewa Septemba. Nikashangilia, nikalia kidogo, nikampa babu yake simu. Nikamsikia mtoto anauliza, "Babu, pipa langu ulilizika wapi?"

Radojko akatazama dirishani. Akatazama muda mrefu, kama mtu anayesubiri basi.

"Limenitoka, mwanangu," akasema.

Mimi kwanza nilicheka. Halafu sikucheka tena, kwa sababu mama yake mzazi alianza kwa neno hilo hilo. Kwanza lilimtoka jina la mbuzi, kisha jina langu. Mwisho alikuwa akiweka viatu vyake kwenye oveni na kuwasha moto. Nilimuuguza miaka sita. Kila nilipovitoa vile viatu alinishukuru kwa adabu, akaniuliza mimi ni binti wa nani. Kwa hiyo Radojko aliposema "limenitoka", nilisikia harufu ya ngozi inaungua.

Kuanzia siku ile, kila asubuhi kabla ya kuwasha moto, nilifungua oveni nikaangalia.

Wanaume wakaanza kuchimba. Alikuja Ljubiša kwa likizo, akaja na Momir, baba wa ubatizo wa Dunja, mtu mnene mwenye moyo mzuri na mgongo mbaya. Radojko alisimama katikati ya miti ya plamu kama mhandisi.

"Hapa," alisema. Wakachimba mpaka kiunoni. "Au pale." Wakachimba pale.

"Na nyuma ya banda la bata bukini?" akauliza Momir, jasho linamtiririka.

"Nyuma ya banda hapana," akasema Radojko. "Pale kuna maji chini. Hata mjinga hawezi kuzika pipa pale."

Wakachimba mashimo kumi na manne. Jirani yangu Zagorka akaegemea ua, akayahesabu.

"Stamenka, mnazika nani?"

"Tunafukua."

"Basi mkimpata mwambieni nilimsamehe."

Jioni hiyo Momir alirudi kwake amelazwa kwenye mkokoteni.

Kwa upande wangu nilianza kuandika vikaratasi. Nikabandika "sukari" kwenye kopo la sukari na "chumvi" kwenye la chumvi. Mlangoni nikabandika "funga". Radojko alivisoma vyote, akaniambia asante. Kusafisha bomba la moshi alisahau. Kumpigia dada yake alisahau. Alhamisi ya karata hakusahau, lakini nilijiambia mazoea ndiyo ya mwisho kumwacha mtu.

Na akijimiminia glasi ya pili, nilimwambia lile nililomwambia miaka yote. "Mtazame baba yangu, Mungu amrehemu. Daktari alimkataza mara moja tu. Miezi tisa, mpaka anakufa, hakugusa tone. Alikufa na akili zake zote."

"Najua," alisema Radojko.

"Mwanaume wa neno lake."

"Najua, Stamenka."

Hadithi hiyo ya baba kijiji kizima kinaijua. Nimeisimulia kwenye matanga na kwenye sikukuu za watakatifu, na hata padri ameitumia mara mbili kuwaaibisha walevi. Baba alikaa kwetu mwaka wake wa mwisho, Dunja akiwa ndiyo kwanza anatambaa. Miguu ilikuwa imegoma, Radojko akambeba kila siku baada ya chakula cha mchana, akaenda kumkalisha nje aote jua. Hata siku za mawingu alimbeba. Mwanangu mwenyewe asingenifanyia hivyo. Ndiyo maana nilijua mume wangu ana moyo, na ndiyo maana sikutaka aondoke akiwa bado amekaa mezani.

Zagorka ndiye aliyeleta habari ya watafiti.

"Wamekuja kutoka Belgrade," alisema, "wako kwenye zahanati. Wanatafuta wazee wanaosahau. Wanawavisha kofia ya umeme."

"Umeme kichwani?"

"Kidogo tu, kama wa tochi. Mpeleke Radojko. Akipona, vizuri. Asipopona, angalau atakuwa na chaji."

Radojko hakutaka. Alisema kichwa chake ni kizee, nyaya hazitashika. Nikamwambia asipokwenda nitamwita dada yake aje kukaa nasi mpaka harusi. Akavaa koti.

Mtafiti mkuu alikuwa msichana mwembamba, Daktari Iskra. Alitueleza kwamba ubongo wenyewe unafanya kazi kwa umeme mdogo mdogo, na uzeeni mahali pengine mwanga unafifia. Wao wanapitisha mkondo hafifu kwenye fuvu, dakika ishirini kila siku kwa siku kumi, waone kama kumbukumbu inaamka. Akasema nusu ya wazee wanapewa mkondo wa kweli, na nusu wanavikwa kofia ile ile, inawawasha kidogo mwanzoni, kisha inazimwa kimya kimya.

"Radojko atapata ipi?" nikauliza.

"Mimi mwenyewe sijui, bibi. Nikijua nitamtazama tofauti."

"Anayejua nani?"

"Iko kwenye bahasha, Belgrade."

Sijawahi kuona bahasha inayojua kuliko msomi, lakini ndivyo wanavyofanya. Nikamletea pai ya jibini. Akasema haruhusiwi kupokea zawadi ya wagonjwa. Nikaiweka juu ya mashine, na mashine haikukataa. Nilipotoka, nikamwona kupitia dirishani anaila kwa mikono miwili.

Siku ya kwanza walimsomea Radojko maneno kumi na matano, wakamwambia ayarudishe. Alifikiri sana. Alirudisha mawili, "ndoo" na "serikali". Serikali haikuwemo.

Daktari akaandika. Mimi nikatazama ukuta, maana macho yalikuwa yananiuma.

Siku kumi tulikwenda zahanati na kurudi. Alivishwa kofia ya kitambaa yenye sponji mbili zilizolowekwa maji ya chumvi, akakaa kama bata bukini anayetaga. Kila siku nilimuuliza, "Kuna kitu kinakuja?"

"Kinakuja."

"Nini?"

"Usingizi."

Kijijini walisema anashika redio ya Skopje akiinamisha kichwa kushoto. Alimwinamia Momir kitandani ajaribu kusikiliza. Harusi ikabaki wiki mbili. Dunja alipiga simu kila jioni, na mwisho akaacha kuuliza pipa. Alianza kuuliza kama babu amekula. Hilo ndilo lililonitisha kuliko mashimo kumi na manne.

Siku ya kumi ikawa pia siku ya mtihani wa mwisho. Walimwonyesha Radojko picha hamsini, moja moja. Ngazi, sufuria, nguruwe, mwavuli, vitu hivyo. Baada ya nusu saa wakamwonyesha picha mbili mbili. Moja aliiona, moja mpya, achague aliyoiona. Mimi nilikaa kwenye benchi karibu na mlango, nafuma soksi. Niliwasikia. Radojko aliguna, akakuna kidevu, akanyoosha kidole, akaguna tena.

Kisha Daktari Iskra akatoka, amejaa kicheko anachokizuia kwa meno. Akaniita ndani. Radojko alikuwa bado na kofia, maji ya chumvi yanamdondoka shingoni.

"Babu," akasema daktari, "unaniruhusu nimwambie bibi ulivyofanya?"

"Mwambie," akasema Radojko kwa huzuni kubwa. "Nimejaribu."

"Bibi, mtu asiyekumbuka chochote akichagua moja kati ya mbili, anapata ngapi?"

Mimi nimesoma madarasa manne tu, lakini nimefuga kuku. "Nusu. Hata kuku ukimwekea visahani viwili, kimoja kitupu, atapatia nusu ya mara."

"Hasa. Ishirini na tano, ishirini na tatu hapa, ishirini na nane pale. Babu amepata nne."

Nikamaka, "Nne! Kazidiwa na kuku."

"Bibi, nisikilize. Ukibahatisha huwezi kukosa arobaini na sita. Ili uzikose zote hizo lazima ujue ya kweli ni ipi, uikwepe, uchague nyingine." Akamgeukia Radojko. "Babu, kichwa chako kinafanya kazi kuliko changu. Nimekufukuza kwenye utafiti. Utaniharibia hesabu."

Radojko akavua kofia polepole, akaiweka mezani, akaikunja vizuri.

"Na hizo nne?" akauliza. "Nilizipataje?"

"Labda ulisahau kuzikosa," akasema daktari.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Yeye mbele, mimi nyuma, kisha mimi mbele, yeye nyuma. Nilikuwa na furaha iliyotaka kunipasua, na ndani ya furaha hiyo nilikuwa nataka kumpiga kwa soksi yenye sindano zake. Pale uani yale mashimo yalikuwa yanatungoja, moja lina chura.

Zagorka akainua kichwa juu ya ua. "Vipi, kaponeshwa?"

"Kapona kabisa," nikasema.

"Kwa umeme?"

"Kwa kuku."

Nikaketi kwenye benchi mbele ya nyumba. Radojko akabaki amesimama, kofia yake ya kawaida mkononi, kama mchumba aliyekuja bila maua.

"Momir analala chali wiki ya nne sasa," nikamwambia.

"Nitampelekea jibini."

"Mwanao kakata mti wangu wa plamu kutafuta kitu ulichojua kiko wapi."

"Ule ulikuwa mzee."

"Dunja analia kwenye simu, Radojko. Hafikirii harusi, anafikiri babu yake ataniuliza mimi ni binti wa nani."

Akatazama lile shimo lenye chura.

"Unajua kila asubuhi nafanya nini kabla ya kuwasha moto? Hujui, bado umelala. Nafungua oveni. Natazama kama kuna viatu."

Akakaa chini. Hakukaa kwenye benchi, alikaa kwenye ngazi, chini yangu, na uso ukamshuka kama ukuta uliolowa.

"Kila asubuhi?"

"Tangu mwezi wa sita."

Akazungusha kofia kwenye vidole. Bata bukini walipita mbele yetu kwa mstari, wakatutazama, wakaona hatuna kitu, wakaenda zao. Nimekaa na mtu huyu miaka arobaini na tisa. Alivunja mkono bila kunung'unika. Lakini sasa alikuwa kama mtoto aliyeitwa ubaoni.

"Niliapa," akasema.

"Kwa nani?"

"Kwa mtu aliyekufa. Niliapa sitakwambia kamwe. Nikaona bora uniite mjinga kuliko nivunje. Nikafikiri utacheka, tutanunua rakija ya Momir, yatapita. Sikufikiria oveni, Stamenka. Haki ya Mungu, sikuifikiria oveni."

"Nimeifikiria mimi kwa ajili yetu sote wawili. Sasa nakuuliza kwa mara ya mwisho. Ukiniambia limekutoka, naenda kumpigia dada yako simu, na nitamwambia alete vitu vya majira ya baridi."

Radojko akaweka kofia gotini.

"Uliza basi."

"Pipa la Dunja ulilizika wapi?"

"Nyuma ya banda la bata bukini," akasema. "Bado lipo, ila ni tupu. Baba yako hakuwa anaota jua."