Vipande Kumi kwa Fundi Torigoe

Katika safari ile mimi na dada yangu Kiyono tulikula sushi mara tatu. Ya stesheni ya Toyama ilikuwa nzuri, ya sokoni Kanazawa ilikuwa nzuri zaidi, na sina la kuongeza. Ya tatu tuliila dukani kwa fundi Torigoe, mchana wa theluji, na aliyeifinyanga alikuwa binti yangu Misuzu.

Misuzu ana miaka thelathini na mmoja. Kwa miaka sita jikoni kwa fundi huyo alikuwa ameosha mchele, ameparua samaki na kupepea wali wa siki upoe, bila kumhudumia mteja hata siku moja. Wiki moja kabla ya safari alinipigia simu.

"Mama, fundi anataka uje ule. Vipande kumi. Akiridhika, nasimama kaunta. Asiporidhika, amesema nikatafute kazi nyingine, nisizeekee jikoni kwake."

"Kwa nini mimi? Atafute mteja wa kweli."

"Nilimwambia wewe hujawahi kusifia kitu kibovu."

Hilo ni kweli. Nina diploma ya lishe na nimepikia shule miaka ishirini na sita. Chakula kibaya nakisema.

Duka lilikuwa na viti vinane na tulikuwa peke yetu. Fundi Torigoe, mzee mwenye shingo nene, alisimama pembeni ya Misuzu, mikono nyuma. Misuzu aliinama, akachukua wali kwa mkono wa kulia, akaubana na kipande cha ngisi, akakiweka mbele yangu kwa mshazari, kikielekea mkono wangu. Nikakila palepale, maana sushi haingojwi.

"Ehe?" fundi akauliza.

"Ngisi mzuri. Wali umekandamizwa."

Kiyono akanifinya paja. "Wewe! Mtoto wako huyo!"

"Ndiyo sababu nimeitwa, dada."

Cha pili kilikuwa cha kamba. Wali ulikuwa mgumu vilevile. Cha tatu, cha samaki mwekundu, kilichelewa hadi mafuta ya samaki yakaanza kung'aa juu ya ubao. Fundi alikiondoa, akafinyanga kingine yeye mwenyewe kwa miondoko minne, akaniwekea. Kilisambaratika mdomoni kama kilivyotakiwa. Masikio ya Misuzu yalikuwa mekundu.

"Mama mkubwa, chai?" alimuuliza Kiyono, ili tu afanye kitu.

Alipokuwa akimimina, kikombe kilitaka kuanguka ukingoni. Mkono wa kushoto wa Misuzu ulikidaka kabla macho yangu hayajakiona.

Nikaacha kutafuna.

Mtoto yule alizaliwa na shoto. Mimi ndiye niliyemwachisha. Alipokuwa na miaka minne nilimfunga leso mkono wa kushoto kila mlo, mpaka akajua kushika vijiti na brashi ya kuandikia kwa mkono wa kulia. Mama mkwe alisema binti wa shoto hapati mume, nami nilikuwa mkazamwana tu katika nyumba ile, sikubisha. Baada ya mwaka mmoja tukasema amepona. Tulitumia neno hilo hasa, kana kwamba alikuwa na surua.

"Misuzu," nikasema. "Badilisha mkono."

Akaganda. "Mama, hapa si nyumbani."

"Naona. Badilisha."

Fundi Torigoe akanigeukia. "Mama, nakuheshimu, lakini kwenye kaunta yangu tunasimama wawili bega kwa bega, na visu. Wa shoto akisimama hapa kati, viwiko vinagongana. Mtu atakatwa. Ndiyo sababu kila fundi anafundishwa mkono mmoja."

"Je, akisimama mwisho kule ukutani, kiwiko chake kitamgonga nani?"

"Kule kuna birika na makopo ya chai."

"Makopo yanaweza kuhama, fundi. Au nayo yamefanya kazi miaka sita?"

Kiyono akajifunika uso kwa kitambaa cha mkono. Fundi alikohoa, sijui kama alikuwa anacheka.

"Mkono ambao haujafinyanga wali miaka sita hauwezi kuanza leo mbele ya mteja," alisema.

Misuzu akaweka kitambaa chake chini. "Umefinyanga, fundi."

"Lini?"

"Chakula chetu cha wafanyakazi. Kile cha Jumatano. Tangu mwaka juzi natumia kushoto, nikiwa peke yangu jikoni."

Mzee akamgeukia. "Kile nilichosema siku hizi kinaninogea?"

"Hicho."

"Ukaninyamazia mwaka mzima na nusu?"

"Niliogopa utaniambia niache. Kila mtu huniambia niache."

Hakunitazama aliposema hivyo. Hakuwa na haja.

Nilisema, "Mimi ndiye niliyemfunga leso, fundi. Nilikosea. Sasa nina njaa, na vimebaki saba."

Fundi alikwenda mwisho wa kaunta, akabeba makopo mawili kwa mkupuo mmoja, akayapeleka jikoni. Akarudi kuchukua birika. Misuzu akasogea ukutani. Mimi na Kiyono tukahama viti kumfuata.

Cha nne kilikuwa cha buri, samaki wa baridi kali. Mkono wa kushoto ulichukua wali, wa kulia ukapokea samaki, na kazi ikaisha kabla sijanyoosha mgongo. Alikigeuza kidogo kielekee mkono wangu wa kulia. Wali ulikuwa wa vuguvugu na uliachia wenyewe. Nikasogeza ubao mbele kuomba kingine. Kiyono alianza kulia, huku akila.

Fundi aliomba cha tano kiwe chake. Alikila amesimama, amefumba macho.

"Kisu cha shoto kinachukua miezi minne kutengenezwa," alisema. "Kesho piga simu kwa wahunzi wa visu wa Sakai, uagize. Mpaka kifike utafinyanga tu, nitakukatia mimi."

"Ndiyo, fundi."

"Na Jumatano usiache."

Tulikuwa kwenye cha nane mlango ulipofunguliwa. Mume na mke waliingia wakikung'uta theluji mabegani, wakauliza kama kuna nafasi. Viti vilikuwa vitupu karibu vyote. Fundi Torigoe akawapokea makoti, akawaongoza moja kwa moja hadi mwisho wa kaunta, kando yetu, mbele ya Misuzu.