Ubeti wa Pili

Nyumbani kwao kila mtu alijua kwamba Ijumaa jioni baba haongeleshwi. Anakaa karibu na dirisha, anatandaza gazeti la zamani mezani, anafungua tarumbeta lake vipande vipande na kulisugua mpaka unaweza kuchania nywele mbele yake. Kesho yake kuna mechi, na kabla ya mechi kuna wimbo wa taifa, na kwenye uwanja ule wimbo wa taifa ni bendi yake. Alikuwa kwenye bendi ya jeshi miaka ishirini na miwili. Alipostaafu akakusanya wastaafu wenzake watano, wengine matumbo yamewatangulia, wakawa ndio bendi ya uwanja.

Ijumaa hiyo binti yake alimwongelesha.

Uwanjani huyu binti wanamwita Mkasi, kwa sababu ni beki na hakuna pasi anayoiacha ipite nzima. Nyumbani ni mwingine kabisa: ukimuuliza kitu anakujibu kwa mabega. Siku tatu alikuwa anatembea na neno kooni, halipandi wala halishuki. Sasa alisimama mlangoni, akalitoa.

"Baba, kesho tutapiga goti wakati wa wimbo."

Mambo yalianza mwezi uliopita. Sumaku, kipa na nahodha wao, alivunjika mguu akiokoa mpira ambao watu walikuwa wameshaushangilia kama goli. Uwanjani hapakuwa na gari la wagonjwa, wala machela. Wenzake waling'oa mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, wakamlaza juu yake, wakambeba mpaka barabarani na kuomba msaada kwa mwenye gari la mboga. Sumaku akafika hospitali amelala katikati ya magunia ya kabichi. Daktari akasema angewahi, mguu ungeunga vizuri zaidi. Timu ikaandika barua kwa chama cha mpira kuomba gari la wagonjwa kwenye mechi za wanawake, kama lililopo kwenye za wanaume. Barua tatu. Katibu wa chama akajibu mara tatu kwamba barua imepokelewa.

Ndipo wakakata shauri. Pilipili, winga wao mwenye mdomo, alitaka wapige goti wimbo mzima. Mkasi, ambaye ndiye aliyeachiwa kitambaa cha unahodha, alikataa. Ubeti wa kwanza tusimame, alisema, kwa sababu nchi ni yetu. Ubeti wa pili tupige goti, kwa sababu Sumaku naye ni wetu. Hakuwahi kusema maneno mengi kiasi hicho ndani ya chumba kile. Nadhani wengine walikubali kwa mshangao tu.

Baba alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua uso. Alimaliza kipande alichokuwa anasugua, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Umesema ubeti gani?"

"Wa pili."

"Wa pili hatuupigi."

Akamweleza. Mwaka juzi mgeni rasmi mmoja alilalamika kwamba jua linamchoma, chama kikatoa agizo kuwa ubeti mmoja unatosha. Mkasi akaanza kuhesabu moyoni. Amesimama kwenye mstari ule mechi ngapi? Lakini kila akisimama pale akili inakuwa kwa mshambuliaji anayekwenda kumkaba, na kichwa chake kinaumalizia wimbo chenyewe, beti zote mbili, kama walivyokuwa wakiimba shuleni kila Jumatatu. Timu nzima pamoja na akiba, na hata kocha, hakuna aliyegutuka. Wangepiga goti watu wameshaanza kukaa.

Alidhani baba atacheka. Hakucheka. Alisema kwamba wimbo ule ameupiga kwenye mvua, ameupiga ana homa, ameupiga akiwazika rafiki zake. Ukipigwa, mtu anasimama.

"Wimbo haujamkosea Sumaku kitu, mwanangu. Aliyemkosea ni katibu. Kapigeni goti ofisini kwake."

"Ofisini tumekwenda, baba. Tulikaa kwenye benchi mpaka wakafunga milango. Wakati wa wimbo ndio dakika pekee anayotutazama."

Baba akakusanya vipande vyake kabla ya kumaliza kuving'arisha, akavifunga kwenye kisanduku, akatoka nje. Mama, aliyekuwa chumba cha pili anapinda suruali ya mteja, alisema kupitia mlangoni kwamba amwache apoe, yule hata chai anasubiri ipoe saa nzima.

Mkasi akawapigia wenzake simu. Pilipili akasema basi, imekuwa ubeti wa kwanza, hakuna namna. Wengine wakababaika. Mwishowe wakamtupia mzigo wote nahodha: tutakutazama wewe, ukishuka tunashuka.

Usingizi wenyewe ulikuwa wa vipande.

Kesho yake wakapanga mstari. Bendi ilisimama hatua kumi kutoka kwake, baba mbele, koti limenyooshwa. Jukwaani katibu alikaa karibu na mgeni rasmi, miwani nyeusi, mikono juu ya tumbo. Wimbo ukaanza. Mkasi akahisi macho ya timu yote yamemganda shingoni. Pilipili alimkoholea. Magoti yake yalikuwa tayari, lakini yeye alishasema kwamba ubeti wa kwanza ni wa kusimama, na hakuwa amesema kwa sababu ya baba. Alikuwa amesema kwa sababu anauamini. Akasimama. Akaimba hadi neno la mwisho.

Ngoma ikagonga mara mbili, ikanyamaza. Wapinzani wakaanza kulegeza mabega. Jukwaani watu wakakaa. Mkasi akapiga goti.

Alishuka peke yake, halafu akasikia nyuma yake njumu zinakwaruza, mmoja, mwingine, mpaka mstari wote uko chini. Mtu akazomea. Mwingine akauliza kwa sauti kama wale mabinti wamepoteza hereni. Kicheko kikaanza kupanda, na Mkasi akaangalia majani, masikio yanawaka moto.

Ndipo tarumbeta likalia.

Lilikuwa peke yake. Ubeti wa pili, polepole, kila sauti imenyooka. Kicheko kikakatika. Waliokaa wakasimama tena, mgeni rasmi akasimama, katibu akasimama na miwani yake. Bendi ilitazamana kidogo, kisha ngoma ikaingia, na ala nyingine zikafuata. Mkasi aliinua macho. Baba alikuwa wima kama mlingoti, hamtazami. Anatazama bendera na mashavu yamemjaa upepo.

Ulipokwisha, katibu alishuka jukwaani mbio mbio.

"Nani amekuruhusu kupiga ubeti wa pili?"

"Aliyeutunga," alijibu baba.

Utamfokea vipi mtu, mbele ya mgeni rasmi, kwa kosa la kuzidisha wimbo wa taifa? Mgeni rasmi mwenyewe alikuwa ameshamshika mkono Pilipili na kumuuliza kwa nini walipiga goti, na Pilipili si mtu wa kuulizwa kitu halafu ajibu kwa ufupi.

Mechi wakatoka sare. Jioni baba na binti walirudi nyumbani kwa miguu, kila mtu na begi lake.

"Sijakubaliana nawe," alisema baba. "Mimi nitasimama mpaka nife."

"Najua, baba. Na mimi nitapiga goti mpaka gari lije."

"Basi itabidi tupige beti zote mbili mpaka lije," alisema baba, na akamnyang'anya begi akalibeba yeye.

Gari lilikuja mechi ya tatu. Kuukuu, mlango mmoja una rangi tofauti, lakini lina machela na lina muuguzi. Sumaku alikuja na magongo yake, akalizunguka kama mnunuzi, akaomba kulala kwenye machela ajaribu. Muuguzi akamsaidia. Sumaku akajinyoosha, akafumba macho, akasema kwa sauti kwamba hapa kabichi hamna. Mkasi, mstarini, alicheka mpaka machozi, na bado alikuwa anayafuta bendi ilipoanza.