Mzinga Uliohamwa na Nyuki

Irine, mpiga ngoma wa kwaya moja ya Mugumu, alikuwa na ngoma ndogo ya bendi, ile yenye nyuzi za chuma upande wa chini. Mwili wake wa bati ulibonyea, ikawa inalia kama debe. Akaenda Nyansurura kwa Sadock, mchongaji wa mizinga ya nyuki, amtengenezee mwili wa mbao.

"Shikamoo, mzee. Upana uwe inchi kumi na nne."

"Marahaba. Huo si mzinga mfupi tu?"

Sadock alichonga gogo bichi kwa siku tatu. Wiki iliyofuata likapasuka. Akachonga la pili, nalo likapasuka. Irine aliporudi, Sadock alimwonyesha nyufa kwa aibu.

"Mti mbichi ukikauka unajivuta," alisema. "Mizinga nayo hupasuka, ila nyuki huziba wenyewe."

"Kwa hiyo haiwezekani?"

Sadock alipanda mti nyuma ya nyumba, akashusha mzinga uliohamwa na nyuki, uliokauka huko juu miaka tisa. Haukuwa na ufa. Akakata kipande cha katikati, akakichonga kikawa chembamba, kisha akakisugua kingo kwa msasa hadi zikalala sawa.

Irine alifunga vyuma na ngozi vya ngoma yake ya zamani palepale uani, akakaza, akapiga. Sauti ilitoka kavu, safi. Esta, mke wa Sadock, akatoka jikoni na mwiko mkononi kuangalia.

"Bado inanukia asali!" Irine alicheka.

Sadock alikuwa ameshainua macho mtini, akitafuta mizinga mingine mitupu.