Jambo Lililopelekwa Ngazi za Juu

Saa mbili asubuhi Emorut alifika ofisi ya soko la Malaba na ripoti aliyosomewa na jirani. Ilikuwa na mistari minne. Mstari wa tatu ulisema mkewe, Akwii, alianguka ngazini na beseni la dagaa wa omena akafa kwa uzembe wake mwenyewe. Huo mstari ndio alitaka ufutwe.

"Dada, ngazi zenu ni ndefu," alimwambia karani, Vivian. "Moja inanifika nusu ya muundi. Mtu mwenye mzigo kichwani haoni mguu wake. Mchoro si ulikuwa wa ngazi fupi?"

Mchoro ulikuwa ukutani nyuma ya Vivian, na ulikuwa mzuri. Aliyeuchora alifikiria watu. Aliweka ngazi pana za kimo cha sentimita kumi na tano, akaweka mahali pa kupumzikia katikati, hata akachora picha ndogo ya mama mwenye beseni kichwani. Lakini wakubwa walitaka maduka mawili zaidi pale chini, ya jamaa zao, basi ngazi zikabanwa kwenye kona, zikasimama wima. Wauza omena wakaambiwa wahamie orofani.

"Mzee, mimi hapa siwezi," Vivian alisema. "Jambo lako tumelipeleka ngazi za juu. Huko ndiko litaamuliwa."

Emorut aliacha shule darasa la pili. Akashukuru, akapanda mpaka ngazi ya juu kabisa, akaketi, akaieleza saruji jambo lake kwa Kiteso, kisha kwa Kiswahili, maana ni kitu cha serikali. Kesho yake akarudi. Kesho kutwa pia.

Nasambu, aliyeuza mihogo mikavu huko juu, alimpita akihema.

"Baba Akiror, siku hizi una kiti serikalini?"

"Nimeambiwa jambo liko ngazi za juu."

"Na zinasemaje?"

"Zinasikiliza tu."

"Basi zimewashinda wale tuliowapigia kura."

Siku ya nne kila ngazi ilikuwa imeshuka vidole sita. Orofa yenyewe haikushuka, ilibaki palepale, na watu walifika. Ijumaa mahali pa kupumzikia palikuwa pametokea katikati, simenti imeshakauka. Akina mama walipanda na mabeseni yao wakipiga domo. Walisema afadhali. Mmoja alilalamika kwamba hapakuwekwa benchi.

Jumatatu akaja injinia Robinson na tepi kukagua malalamiko ya Emorut. Alipima ngazi zote, moja moja, akipiga magoti. Zote sentimita kumi na tano. Akafungua mchoro, akalinganisha.

"Mzee, kosa liko wapi? Ziko vile zilichorwa."

"Zimejirekebisha wiki iliyopita."

"Naona. Simenti bado ni mpya hapa pembeni." Injinia aliigusa kwa kidole. "Lakini mimi naandika nilichopima leo."

"Siku mke wangu alianguka zilikuwa sentimita ishirini na sita."

"Fomu haina nafasi ya siku hiyo, mzee."

Akaandika kwamba ngazi hazina kasoro, kwa hiyo uzembe wa marehemu umethibitishwa. Vivian akagonga muhuri. Mchana, mkubwa mmoja alikuja kupigwa picha, akasimama pale pa kupumzikia, akasema serikali yake humfikiria mama mwenye mzigo kabla hata hajazaliwa. Watu walipiga makofi, kwa sababu soda ilikuwa imeletwa.

Walipoondoka, Emorut alipanda tena juu. Alipanda bila shida, na hilo lilimuuma. Akaketi, akaziuliza ngazi kama zinaweza kusema mbele ya watu zilivyokuwa ile siku, neno moja tu, linatosha.

Ngazi zikashuka kidole kimoja tena.

Injinia aliitwa, akarudi na tepi yake, akapima. Alisema tofauti ya kidole kimoja inaruhusiwa.