Ndoo Tupu ya Tarsetti

Mzee Hamse hakuwa mtu wa kukupa shairi kabla ya kukupa jina la mwenyewe. Ndivyo alivyofunzwa na wazee wake wa Kisomali: anayehifadhi shairi humtaja kwanza aliyelitunga, kisha hulisema lilivyo, maana kumgeuzia mtu maneno yake ni wizi, sawa na wizi wa ngamia. Basi asubuhi ile Habsa, bintiye, akiwa jikoni anachemsha chai, alimsikia sebuleni akimwambia Amran muuza maziwa, "Hii ni ya Nevio Tarsetti, mtoto ya Agostino, karani wa posta huko Italia. Alikufa bila watu kumsikia."

Habsa akatabasamu. Kisha shairi likaanza, na tabasamu likamwisha.

Kijitabu cha Tarsetti alikiokota mwenyewe miaka kumi na miwili iliyopita, alipokuwa akimtunza bibi mmoja kikongwe mjini Modena. Kilikuwa kimetiwa chini ya mguu wa meza ili isiyumbe. Alikisoma kwa Kiitaliano chake cha kuungaunga, akakirudia mpaka kikamkaa moyoni. Aliporudi Isiolo kumwangalia baba yake, dereva wa zamani wa malori ya Moyale ambaye macho yake yalikuwa yamepofuka, alianza kukitafsiri kwa Kiswahili. Sasa Mutea, mhariri wa Nairobi, alikuwa amekubali kukichapa, na kilichobaki ni dibaji. Katika dibaji hiyo Habsa aliwachachamalia wahakiki wa Italia: walimpuuza mtu huyu kwa kuwa alisema mambo waziwazi wakati wenzake wakisuka mafumbo.

Ila Mutea alikuwa amenaswa na shairi moja hasa. Mwaka wa ukame, mama wa mshairi anakwenda kisimani na kukuta kimekauka. Habsa alilifunga hivi: "Akarudi na bahari ya huzuni kichwani." Mutea alimpigia simu kwa ajili ya mstari huo peke yake. "Huo ndio kitabu," alisema. "Bila huo, madam, huyu ni karani tu."

Mzee sebuleni hakutaja bahari. Alilisema kama alivyosomewa mara ya kwanza, mwaka juzi, kabla Habsa hajalipamba:

"Akarudi na ndoo tupu,
akiibeba polepole, isimwagike."

Habsa alichungulia. Amran alikuwa amesimama na jerikeni yake, hajamimina hata tone.

"Huyo mama ni wa wapi?" aliuliza. "Kinna? Ama ni wa Kipsing?"

"Ni mzungu," mzee alisema.

Amran akatikisa kichwa. "Mama yangu alikuwa anafanya hivyo. Watoto wakiona unatembea haraka na ndoo, wanajua hakuna maji." Akamimina maziwa, akaenda zake bila kuaga.

Habsa akaleta chai na kuketi karibu na baba yake. "Aabo, hiyo mstari nilibadilisha. Siku hizi ni 'bahari ya huzuni'."

Mzee alikunywa kwanza. "Bahari imetoka wapi? Si huyo mama alienda kisima?"

"Ni kupamba tu. Huko Nairobi wamependa."

"Kwani Nevio alikuja kwako uchi, ndio umvalishe?"

Habsa alitaka kucheka, akashindwa. Alishikwa na haya. Miaka yote hiyo alijiona ndiye pekee anayempenda Tarsetti, kumbe alikuwa akimwonea aibu, kama mtu anavyomfichia wageni jamaa yake wa shamba. Wahakiki wale aliowakemea walau walimwacha rafuni na nguo zake mwenyewe.

"Nikirudisha, Mutea anaweza kukataa," alisema polepole. "Na hakuna mwingine atachapa, Aabo. Nimeuliza kila mahali. Nevio hana mtoto, hana ndugu. Ako na mimi tu."

"Na mimi," mzee alisema.

Habsa akavuta kompyuta yake. Aliifuta bahari, akairudisha ndoo. Kisha akaifungua dibaji, akakata kurasa mbili nzima za kuwasuta Waitaliano, na mahali pake akaandika kwamba mjini Isiolo muuza maziwa mmoja alisikia habari za mama huyu akauliza kama ni wa Kinna. Alisita, kidole kikiwa juu ya kitufe. Alimpenda mno yule karani, na aliogopa kwamba yeye ndiye atakayemrudisha kaburini. Akamtumia Mutea.

"Amekubali?" mzee aliuliza.

"Hata hajasoma."

"Na akikataa?"

Habsa akaifunga kompyuta. Mzee akanyoosha mkono, akapapasa mezani mpaka akakipata kile kijitabu. Alikipima uzito kiganjani.

"Ziko ngapi humu?"

"Arobaini na moja."

"Na mimi niko na moja tu." Alimrudishia kitabu, akajiweka sawa kwenye mto kama mtu anayejiandaa kwa safari ndefu. "Anza, mwanangu. Kichwa bado iko na nafasi."

Simu ikaanza kutetemeka juu ya meza, jina la Mutea likiwaka. Habsa akaiacha, akafungua ukurasa wa kwanza.