Dawa Iliyoongezwa Nguvu

Chunjua lilianza kama punje ya mtama, kando ya ukucha wa kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Lau lingaliota mahali pengine popote katika mwili wa mwanamke yule, lisingalitajwa hata mara moja katika nyumba ile. Lakini yeye alikuwa fundi wa kushona, tena si wa cherehani peke yake. Mapindo ya mkono, vifungo vya kuvikwa uzi, maua ya hariri kifuani mwa gauni, vyote vilipita katika ncha ya kidole kile. Chunjua likanenepa, likakwaruza kama tupa, likatokeza vidoa vyeusi ndani yake, na kila alipoisukuma sindano, damu ilitoka na kudondokea kitambaa.

Mumewe alikuwa fundi wa betri za magari. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo, na mlango kati yake na chumba cha kushonea haukufungwa tangu walipohamia. Wateja walimwita Chaji, naye aliitika. Alikuwa mtu mwema, na hilo sharti lisemwe mapema. Yeye naye alikuwa na chunjua, juu ya kidole gumba cha kushoto, la siku nyingi.

"Huyu mpangaji wangu," alizoea kusema, akikinyanyua kidole, "hapigi kelele, haleti wageni. Nimfukuze kwa kosa gani?"

Siku moja alikuja mama mmoja na gauni jeupe la bintiye, akitaka lishonwe maua kuanzia shingoni hadi kiunoni. Alipouona mkono wa fundi, alilivuta gauni lake, akalikumbatia.

"Samahani, fundi. Hayo si mambo ya kushika vyura hayo?"

"Vyura wa wapi, mama? Mimi nashika vitambaa kutwa."

"Sijui mimi. Kipone kwanza hicho kidole. Mpaka mwisho wa mwezi nitakungoja. Kisipopona, usinilaumu."

Chaji aliyasikia yote kupitia mlango ule. Alimwona mkewe akiketi tena, akiutazama mkono wake kama mtu aliyesalitiwa na ndugu. Hapo moyo ukamuuma, akaazimia kwamba kidole kile kitapona mwezi huohuo, piga ua.

Walikwenda zahanati pamoja. Muuguzi alikuwa binti mwenye sauti ndogo, aliyeeleza kila jambo kwa utaratibu.

"Hili si uchafu, wala vyura, wala husuda ya mtu. Ni kirusi. Huingia penye mchubuko mdogo, kikakaa katika ngozi ya juu na kuifanya ijirundike. Huhama kwa kugusana, na kwa kuchangia taulo. Nani mwingine nyumbani analo?"

Chaji aliingiza mkono wa kushoto mfukoni.

"Nilijua tu!" akasema mkewe. "Mpangaji wako amezaa."

Wote watatu wakacheka. Kisha muuguzi akatoa chupa ndogo yenye brashi ndani ya kifuniko.

"Hii ni asidi, lakini ni ya upole. Loweka kidole katika maji ya uvuguvugu, sugua ngozi iliyokufa kwa tupa ya kucha ambayo hutaitumia kwingine, paka juu ya chunjua tu, kisha funga kitambaa. Kila siku, wala usikate tamaa, maana itachukua majuma mengi. Itawasha kidogo. Ikiuma sana, acha, osha kwa maji, uje unione. Machunjua mengine hutoweka yenyewe, mwili ukishayatambua."

Katika maneno yote hayo Chaji alirudi nyumbani na moja tu: asidi.

Mke aliifuata kazi ile kwa uaminifu. Ngozi nyeupe ilimenyeka kidogo kidogo, lakini chunjua lilibaki pale pale, na mwezi ulikuwa ukiisha. Chaji alitazama na kukunja uso. Katika kazi yake, betri iliyolala haikubembelezwa. Alifungua vizibo, akayapima maji yake kwa kipimo cha kioo, na alipoona yamelegea, aliyaongezea asidi kutoka dumu lililokaa pembeni, nayo betri ikaamka. Kwa macho yake, dawa ile ya zahanati ilikuwa imelegea, basi.

Alasiri moja, mkewe alipotoka kununua uzi, aliichukua chupa, akamwaga nusu ya dawa, akaijazia kutoka dumuni ile asidi kali ambayo bado haijachanganywa na maji. Akaitikisa, akairudisha. Hakumwambia mkewe, wala hakuona kwamba lipo la kumwambia. Ni nani humtangazia mwenye gari kwamba betri yake imeongezewa nguvu?

Jioni mke aliloweka kidole, akakisugua, akapaka, akakifunga kwa ukanda wa pamba nyeupe uliobaki mezani. Mara akasimama.

"Baba watoto, leo inachoma."

"Inachoma vipi?"

"Kama kaa la moto. Niioshe?"

Chini ya benchi la karakana palikuwa na ndoo ya maji, na juu yake kopo la magadi, vilivyowekwa kwa ajili ya asidi ikimrukia mtu. Chaji aliitazama ndoo. Hakuna aliyejua kuliko yeye kazi ya ndoo ile.

"Vumilia, mama. Ndiyo inafanya kazi."

"Muuguzi alisema ikiuma sana niache."

"Muuguzi mtoto wa juzi yule! Mimi na asidi tumejuana tangu lini?"

Mkewe alikaza meno, akalazimisha kicheko. "Haya, bwana asidi. Nikifa, unizike na cherehani yangu."

Asubuhi maumivu yalikuwa yamekwisha, na hilo ndilo lililokuwa baya. Ncha ya kidole iliyochomoza nje ya ukanda ilikuwa nyeusi, ngumu, na hata alipoichoma kwa sindano hakusikia kitu.

Huko zahanati, muuguzi alipoufungua ukanda, ulimkatikia mikononi. Aliinusa chupa waliyokuja nayo, akairudia kuinusa. "Mimi nilikupa nini?" akanong'ona. "Mungu wangu, nilikupa nini?" Mganga mkuu akaitwa, akaja na uso wa hukumu, akamwuliza binti yule aliitoa dawa hiyo katika kabati lipi. Chaji alifungua kinywa. Ulimi ulikuwa mzito kama risasi ya betri, naye akakifumba tena.

Mkewe alikuwa ameuokota ukanda. Pamba ilikuwa imeliwa katikati, kingo zimekuwa za kahawia, zikipukutika kwa kuguswa. Tangu alipoolewa alikuwa akiziba matundu ya namna hiyo katika suruali za kazi za mumewe.

"Si wewe, binti," alimwambia muuguzi. "Tundu hili nalijua. Nimelitia viraka miaka yote."

Hapo ndipo alipogeuka kumtazama mumewe.

"Nilitaka lipone upesi," Chaji akasema.

"Limepona," akajibu mkewe.

Kidole kilikatwa kwenye pingili ya kwanza. Gauni jeupe lilikwenda kwa fundi mwingine. Mwanamke yule alijifunza kuisukuma sindano kwa kidole cha kati, lakini maua hayakumjia tena. Alibaki na mapindo ya sare za shule na foronya za mito. Mlango uliokuwa hauna desturi ya kufungwa ulifungwa. Chaji aliweka suruali iliyotoboka juu ya meza ya kushonea, akaikuta kesho yake imekunjwa vizuri, na tundu lake vilevile. Hakuiweka tena.

Miezi ikapita. Asubuhi moja, akinawa kabla ya kufungua karakana, alipitisha kidole juu ya gumba lake la kushoto, akasita, akalisogeza penye mwanga. Mpangaji alikuwa ameondoka. Hakuna dawa iliyolipata chunjua lile, wala tupa, wala mtu aliyelijali. Ngozi ilikuwa laini kama ya mtoto.

Akausogelea mlango uliofungwa, mkono umenyooshwa mbele kana kwamba amebeba habari. Upande wa pili cherehani ililia, ikasimama, ikalia tena. Aliisikiliza. Kisha akautia mkono mfukoni, na gumba lake likapenya katika tundu, likatokea nje.